Arobaini Kwenye Kona ya Sitini

Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa haingii nyumba ya mtu bila kwanza kuutazama mlango. Hakufanya kwa ubaya. Jicho lake lilikwenda lenyewe kwenye kona ya fremu, na kona ikiwa imekwenda upande hata kidogo, aliona, na akiona, alisema. "Aliyewafanyia kazi hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Wenye nyumba walicheka au walinuna, yeye akapita ndani akaketi. Mdomo huo ndio uliokuja kumponza.

Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, akapata kazi ya kufagia karakana ya useremala katika chuo cha ufundi. Alizoa maranda, akapanga mbao, akashika ncha ya pili ya ubao wengine wakikata. Baadaye akaanza kukata mwenyewe. Mwalimu wa karakana alikuwa ameanza kupoteza nuru ya macho, na kila alipotaka kuhakikisha kona alimwita, "We binti, hebu njoo unitazamie." Akisema imezidi kidogo huku, mwalimu alipoweka kipimo alikuta kweli imezidi. Mwalimu huyo alipostaafu hakuletwa mwingine. Shangazi akabaki akifundisha, bila barua wala cheo, na wanafunzi wakampa jina la Mama Jicho. Hakuolewa, hakuzaa. Ukimuuliza ana nini hapa duniani, alisema ana Mungu na ana karakana. Siku nyingine alianza na karakana, kisha akajishika mdomo na kumwomba Mungu radhi.

Ndipo akaja mkuu mpya wa chuo, mama mmoja mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kugombana na mtu kwa sababu alikuwa akikata mambo kabla ugomvi haujaanza. Alimwita Shangazi ofisini, akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za afya.

"Mama, kazi yako naiona," alisema. "Lakini agizo ni kwamba kila anayefundisha ufundi awe amefaulu hisabati za kidato cha nne. Si mimi niliyelitunga."

"Mimi niliishia cha pili."

"Najua. Unaruhusiwa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa nje. Ukifaulu, nakuandikia barua ya ualimu, uwe mwalimu kamili."

"Nisipofaulu?"

"Nitamweka mwingine." Mkuu alisema hivyo kwa upole uleule aliomuulizia afya.

Shangazi alitoka na hofu. Hata hivyo alikuwa na pa kwenda. Dada yake mkubwa aliolewa na mwalimu wa hisabati wa sekondari, mtu aliyesifika kwa mchoro wake ubaoni. Duara lake lilifunga vizuri, mistari yake sambamba ilikuwa sambamba kweli, na pembe akiiandika nyuzi hamsini basi ni hamsini. Alikuwa na ubao mweusi barazani kwake, na kila Jumamosi mchana alifundisha watoto wa jirani.

"Karibu, seremala!" Shemeji alimpokea kwa kicheko. "Leo umekuja kukagua mlango gani?"

"Leo nimekuja kukaguliwa mimi, shemeji. Nataka unifundishe."

Shemeji akageukia mlango. Akaita ndani, "Mke wangu! Njoo usikie! Mdogo wako anataka kujua hesabu!" Dada akatoka na kanga begani, wakacheka wote watatu, na Shangazi ndiye aliyecheka zaidi, maana shemeji ni mtani wako na utani ni heri.

Hapo ni lazima lisemwe jambo moja. Miaka ya nyuma Shemeji alitengeneza rafu ya vitabu kwa mikono yake mwenyewe, akaipaka vanishi, akaalika walimu wenzake waje kuiona. Shangazi alifika wageni wakiwa wamekaa. Akasimama mbele ya ile rafu, akainamisha kichwa upande kuifuata jinsi ilivyoinama, akasema, "Shemeji, hii ni rafu au imelewa?" Walimu wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Shemeji naye alicheka. Kesho yake rafu ilipasuliwa kuni, na Shangazi hakuwahi kuifikiria tena.

Masomo yakaanza. Hesabu za herufi zilimtoa jasho, na Shemeji alipomwona anatoka jasho alimwambia, "Hizi ziache, shemeji, hazitaki watu wazima. Wewe riziki yako iko kwenye pembe. Sehemu ya pembe ina alama nyingi, ukiipata yote umepita." Maneno hayo yalimwingia vizuri. Pembe ndiyo kitu alichokuwa anakijua kuliko watu wote.

Shemeji alichukua rula na kipimapembe, akachora pembetatu safi kabisa, akaandika namba kwenye kona mbili, na ya tatu akaiwekea herufi. "Tafuta." Shangazi alitazama. Hakuwa hata amekaa sawa. "Sabini na mbili."

"Sahihi."

Akachora mistari miwili sambamba, wa tatu ukaikata yote miwili. "Na hii?"

"Mia na kumi na tano."

"Sahihi! Jamani, huyu mtu alikuwa wapi siku zote?"

Watoto waliokuwa kwenye mkeka walimtazama kwa wivu, kwa kuwa wao walikuwa wanaandika mistari mitatu ya kujumlisha na kutoa kabla hawajafika alipofika yeye kwa kupepesa jicho. Mmoja wao, binti mwenye miwani, alimuuliza, "Shangazi, unapataje?"

"Naona."

"Mwalimu anasema lazima tuandike na sababu."

Shangazi akamgeukia Shemeji. "Eti lazima sababu?"

Shemeji alikuwa anapangusa chaki vidoleni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Sababu ni za watoto," alisema. "Wewe mtu mzima, weka jibu."

Kwa shukrani Shangazi alirekebisha milango yote ya nyumba ile, akakaza viti, akaweka komeo jipya jikoni. Dada alikuwa akimletea maji ya kunywa na kusimama akimtazama. Mara moja alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu. Kisha akasema, "Na kabati nalo linalia, mdogo wangu. Liangalie basi."

Siku ya mtihani Shangazi alisali tangu alfajiri. Aliketi katika chumba kimoja na vijana wa rika la wanafunzi wake, penseli sikioni, mpaka msimamizi alipomwambia aitoe. Zile hesabu za herufi aliziruka kama mtu anayeruka dimbwi. Akafika kwenye pembe, moyo ukatulia.

Chini ya ukurasa paliandikwa kwamba michoro haikuchorwa kwa vipimo. Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, na aliielewa kama seremala. Katika karakana, ramani ya kabati huchorwa ndogo kuliko kabati. Upande wa futi sita unaweza kuwa urefu wa kidole. Hilo ndilo lisilo la vipimo. Lakini kona haipungui. Uchore mlango mdogo kama kibiriti, kona yake ni ileile ya mlango mkubwa. Basi akaona wanamwambia asiamini urefu. Pembe ziko palepale.

Mchoro wa kwanza ulikuwa pembetatu yenye pande mbili sawa. Kona ya chini imeandikwa arobaini, ya juu imewekewa herufi. Akatazama. Kona zote tatu zilikuwa zinakaribiana, kila moja kama sitini. Ile arobaini ikamshangaza. Arobaini gani hii? Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Karakanani, namba na mbao zikipingana, mbao ndiyo husema kweli; namba imeandikwa na mtu, na mtu hukosea. Akamhurumia aliyechapa karatasi, akaandika sitini. Pembe iliyotakiwa ilikuwa mia moja, na mtoto yeyote wa kwenye ule mkeka angeipata: arobaini ya upande huu, arobaini ya upande wa pili kwa sababu pande ni sawa, toa zote mbili kwenye mia na themanini. Akaendelea hivyo mpaka mchoro wa mwisho, na akatoka nje akimshukuru Mungu kwa sauti.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefeli, naye hakuamini. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akawakuta mezani.

"Shemeji, wamekosea. Pembe zote nilizipata."

"Hebu niambie ya kwanza."

Akaieleza, arobaini na sitini na yote. Shemeji aliweka kijiko chini. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, mpaka akatoa leso kufuta machozi.

"Aliona arobaini, akasema wamekosea kuchapa! Mke wangu, umesikia? Wamekosea kuchapa!"

"Unacheka nini, shemeji?"

"Wewe ulidhani unajua hesabu? Ulikuwa unakisia kwa macho. Nilikujua tangu Jumamosi ya kwanza. Mimi nachora kwa kipimapembe, kila kitu mahali pake, hata mbuzi akitazama vizuri atapata jibu. Nikasema, ngoja nione hilo jicho maarufu litatufikisha wapi."

"Ukanyamaza?"

"Na wewe ungenyamaza siku ile ya rafu yangu," alisema Shemeji, na sasa hakuwa anacheka tena. "Mbele ya wenzangu. Umeona sasa? Nani amelewa?"

Shangazi akamgeukia dada yake. Walizaliwa tumbo moja, walilala kitanda kimoja mpaka mmoja alipoolewa. "Ulijua?"

Dada alikuwa anakusanya makombo ya mezani kwa ukingo wa kiganja. "Mume wangu ana utani wake," alisema. "Wewe mwenyewe unamjua. Kaa basi ule."

Hakukaa. Tangu siku hiyo milango ya nyumba ile iliharibika na hakuna aliyemwona akiitengeneza tena.

Mkuu wa chuo hakumfukuza. Alisema kwa upole kwamba Shangazi atakuwa mtunza stoo ya karakana, kwa kuwa mtunza stoo haulizwi hisabati, na kwamba mwalimu anayekuja ni wa muda, mpaka apatikane mwenye cheti na uzoefu. Hivyo Shangazi alikuwa akiwagawia misumeno na patasi wanafunzi wake mwenyewe kupitia dirisha dogo, na kuzipokea jioni. Wale wakorofi hawakukawia. "Mama Jicho, nipe randa! Au mpaka uitazame kwanza?" Walikuwa wanainamisha vichwa upande, kama yeye, kisha wanacheka. Habari ya arobaini na sitini ilikuwa imefika mpaka huko. Shemeji alikuwa anaisimulia kila penye watu.

Mwalimu mpya alikuwa kijana mwembamba, mwenye hisabati nzuri na mkono mbaya. Misumari ilimkunjikia. Siku zake za mwanzo Shangazi alikuwa anamtazama kupitia dirishani akiharibu mbao nzuri, na roho ilimuuma kama anakatwa yeye. Lakini kijana hakuwa na kiburi. Mchana mmoja alisimama dirishani na fremu mkononi.

"Mama, shikamoo. Hii kona inanigomea. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Umekosea kila mahali," alisema Shangazi. Kijana akacheka kwa moyo mweupe, na Shangazi akatoka stooni akamwonyesha.

Wakazoeana. Kijana alimweleza kwamba ameoa juzijuzi, mkewe ni mjamzito, wamehamia chumba karibu na chuo na hata pazia bado hawajaweka. Naye aliposikia habari ya mtihani hakucheka hata kidogo. Alimwomba amchoree lile swali la kwanza kama alivyolikumbuka. Shangazi akalichora kwenye kipande cha mbao.

Kijana akauweka mkono wake juu ya mchoro, akaufunika wote. "Sasa niambie unajua nini."

"Sioni kitu."

"Ndiyo. Usione. Niambie unachojua."

Shangazi akafumba macho. "Pande mbili sawa," alisema. "Kona ya chini arobaini."

"Na ya chini ya pili?"

"Siioni."

"Mama, huhitaji kuiona. Pande zikiwa sawa, kona zinazotazamana nazo lazima ziwe sawa. Lazima. Hata mchoraji akiwa mlevi."

Lile neno la mlevi lilimchoma, ingawa kijana hakujua chochote. Hata hivyo akajibu, "Arobaini nayo."

"Iliyobaki?"

"Mia," alisema Shangazi.

Tangu hapo kijana hakumchorea tena kitu. Alimfundisha kwa mdomo tu, yeye akipiga randa na Shangazi akipanga vifaa. "Mama! Pembetatu, pande mbili sawa, kona ya juu ishirini na nane. Za chini?"

"Sabini na sita."

"Sababu?"

"Toa ishirini na nane kwenye mia na themanini, iliyobaki wanagawana sawa."

"Pembe ya nje mia na thelathini, moja ya ndani iliyo mbali nayo ni hamsini na tano. Ya pili?"

"Sabini na tano. Kwa sababu ya nje ni sawa na zile mbili za mbali zikijumlishwa."

"Mama, utafaulu mpaka wakuombe radhi."

Hata zile hesabu za herufi alizoambiwa aziache, kijana alimpitisha humo pole pole, hakuchoka. Ilikuwa kazi chungu. Jicho la Shangazi lilikuwa linakataa kunyamaza. Kila akisikia pembetatu, ilijichora kichwani, naye ilimbidi aifute kwa nguvu. Alikuwa analia stooni, mlango umefungwa, kama mtu anayeambiwa asahau lugha ya mama yake. Kijana alidhani ni furaha ya kuelewa. Siku moja alimwambia, "Ukishapata cheti, mama, tutafundisha wawili. Wewe mikono, mimi vichwa." Shangazi aliendelea kupanga patasi. Yeye alikuwa anakumbuka vizuri Mkuu alisema nini juu ya mwalimu wa muda. Inaonekana kijana hakuambiwa, au aliambiwa kwa upole mno hata asielewe.

Alirudia mtihani. Kila mchoro aliufunika kwa kiganja, akasoma namba tu, akaandika na sababu zake zote. Akafaulu.

Mkuu alimwita asubuhi, akampa mkono wa pongezi kabla hajaketi.

"Nafasi ni moja," alisema. "Yule ni wa muda. Wewe una uzoefu, na sasa una cheti. Ukiitaka, naandika barua leo, yeye anamaliza mwezi huu. Ukipenda abaki, basi utaendelea na stoo. Sitakulazimisha."

"Anajua?"

"Bado."

Shangazi alikuwa mtu wa kusali hata kabla ya kununua msumeno. Watu wote wa familia yake wanalijua hilo. Lakini siku hiyo hakuomba hata dakika ya kufikiri.

"Naitaka," alisema.

Mkuu aliinamisha macho. "Nimesikia alikusaidia sana. Pengine ingefaa umwambie wewe mwenyewe, kwa maneno mazuri."

"Mwambie wewe, Mkuu. Mimi nina darasa."

Akaenda karakanani. Kijana alikuwa ameshapata habari za kufaulu, akamkimbilia mlangoni mikono imejaa vumbi la mbao. "Mama! Mama Jicho wetu! Si nilisema? Mke wangu anataka uje kwetu kula, nimemwambia leo ni leo!"

"Mkuu anakuita," alisema Shangazi.

Kijana akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda huku anatabasamu.

Aliporudi, wanafunzi walikuwa wameshika kazi na Shangazi alikuwa anazunguka katikati ya meza. Alisimama karibu naye, sauti chini. "Uliponiambia ananiita, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na wakati nakufundisha?"

"Na wakati huo."

"Mama, ungeniambia tu. Ningetafuta mahali mapema. Mke wangu anajifungua mwezi ujao."

"Ningekuambia, usingenifundisha."

"Ningekufundisha," alisema kijana.

Shangazi alimtazama usoni, kwa lile jicho ambalo halikuwahi kukosea kona ya mbao, na akaona kwamba anasema kweli. Hilo hakulitegemea. Kisha akawageukia wanafunzi waliokuwa wameacha kazi. "Mnatazama nini? Shikeni misumeno!"

Kijana alikusanya vitu vyake na kuondoka kabla ya mchana. Shangazi alifundisha karakana ile mpaka maradhi yalipomlaza, akiwa mwalimu kamili, mwenye barua. Alisali kila jioni, na waliokaa naye kuanzia siku ile hadi kufa kwake walimsikia akiwaombea wanafunzi, na wagonjwa, na mwishoni mwishoni akaanza kumwombea hata dada yake. Yule kijana hawakumsikia akimtaja hata mara moja. Kama alimtaja kimoyomoyo, Mungu ndiye ajuaye, na Yeye ndiye wa kumrehemu.